Kuongeza jiko nyuma ya nyumba huku Uingereza: ni kweli mita 3 hazihitaji kibali? Na cheti cha nishati je?

#1 Binti_Pangani
Wakuu habari za jioni. Nina swali limeninyima usingizi wiki ya pili sasa. Tuko Midlands, katikati ya England, nyumba ya pacha, imejengwa 1936, tumeinunua miaka minne iliyopita. Mama alikuwa kwa kaka yangu Coventry ila sasa anahamia kwetu, magoti yake hayapandi ngazi tena na bafu letu liko juu. Kwaiyo tumepanga tutoe jiko nje kidogo kuelekea bustanini, mita 3 hivi, alafu pale jiko lilipo sasa tupate chumba chake na bafu dogo.

Sasa kila ninayemuuliza ana lake. Fundi aliyekuja kupima anasema mita 3 hazihitaji kibali chochote, yeye Jumatatu ijayo anaanza, anataka nusu ya hela mkononi. Jirani tuliyeshikana naye ukuta, bibi mmoja wa rika la mama, kasema bila karatasi ya kaunsili (halmashauri) atatuzuia. Na dalali aliyetuuzia nyumba ananambia nikijenga tu cheti changu cha nishati, kile cha kupima nyumba inavyotumia nishati kwa herufi A mpaka G, kinakufa na nyumba inashuka daraja. Sa hizi tuna D, pointi 61.

Nani mkweli kati ya hawa watatu? Mliopitia nisaidieni kabla pesa haijanitoka.

#2 Kigamboni_Feri
Nasubiri wajuzi wa huko. Ila nusu ya hela hata jembe halijagusa ardhi? Hata huku Dar fundi anakula kwa hatua, msingi, boma, kenchi, bati. Dada usitoe.

#3 Mzee_wa_Chokaa
Asalaam aleykum. Mwanangu, mimi nimejenga London miaka 27, na hili swali naulizwa kila wiki. Fundi wako kashika ncha moja ya kamba. Huku kuna milango miwili na watu wanaichanganya kutwa. Mlango wa kwanza ni mipango, yaani jengo lako linaonekanaje, linamzibia nani, limekaa wapi. Mlango wa pili ni kanuni za ujenzi, yaani msingi una kina gani, bimu inabeba, moto ukitokea mtatokaje, joto linavuja kiasi gani. Mlango wa kwanza nyumba nyingi zina haki ya kujenga mpaka kipimo fulani bila kuomba. Mlango wa pili hakuna msamaha, ekstensheni ya jiko lazima mkaguzi aje. Akubali shimo kabla hamjamwaga zege, aone karatasi la kuzuia unyevu, aone mabomba kabla hamjafukia, aone bimu, aone insulesheni (kizuia joto) kabla ya plasta, mwisho akupe cheti cha kukamilika. Fundi asiyekutajia mkaguzi hata mara moja, yakhe, mimi simpi funguo za nyumba yangu.

Na juu ya kibali usiogope sana, ukishajenga ukakaa miaka 4 hakuna wa kukugusa.

#4 Mchoraji254
Salamu kwa wote. Mimi ni mchoraji wa ramani, niko Reading, mzaliwa wa Nakuru. Naunga mkono #3 kasoro hiyo sentensi ya mwisho, nitairudia.

England, ekstensheni ya ghorofa moja nyuma: mita 3 kwa nyumba ya pacha au za mstari, mita 4 kwa nyumba iliyosimama peke yake. Urefu wa juu kabisa usizidi mita 4, na kama uko ndani ya mita 2 kutoka mpaka wa jirani basi ukingo wa paa usizidi mita 3. Majengo yote uliyoongeza yasile zaidi ya nusu ya kiwanja kilichozunguka nyumba ya asili. Ukuta ufanane na wa zamani. Fleti haina hiyo haki kabisa. Na kuna mitaa ya hifadhi, na mitaa mipya ambako kaunsili iliifuta hiyo haki tangu siku ya kwanza, kwa hivyo lazima uangalie historia ya nyumba yako kwenye tovuti yao.

Sasa swali langu kwako dada, na ndilo kubwa: hizo mita 3 fundi alipimia wapi? Sheria inahesabu kutoka ukuta wa nyumba ya asili, yaani ilivyosimama tarehe 1 Julai 1948, au ilivyojengwa kama ni baada ya hapo. Nyumba nyingi za miaka ya 30 jiko lilikuwa kijichumba, watu wakaja kuongeza miaka ya 60 na 70. Una hakika jiko lako ni la asili?

#5 Binti_Pangani
Shikamoo Mzee, na asante Mchoraji. Alipima kutoka ukuta wa nje wa jiko lilivyo leo. Kama ni la asili au la kwakweli sijui, tulilikuta hivyo.

#6 Shangazi_Aberdeen
Wanaosoma uzi huu wakiwa Scotland msichukue ya England mkadhani ni yenu. Huku kwa upande wa kanuni za ujenzi unaomba hati ya kujenga kwanza, na mpaka hati itoke hakuna kuchimba, ukianza bila hiyo ni kosa la jinai. Mdogo wangu alidanganywa na rafiki yake wa Birmingham kwamba unapiga simu tu ndani ya siku mbili unaanza, akasimamishwa na shimo lake liko wazi, mvua ya Novemba ikalijaza mpaka kuta zikaporomoka. Alichimba upya kwa hela nyingine.

#7 Mzee_wa_Chokaa
Shangazi kweli kabisa. Hiyo ya siku mbili ni ya England, njia ya taarifa fupi, hutoi michoro kamili. Ina hatari zake, kosa unaligundua shimoni badala ya kwenye karatasi. Na haitumiki kama unajenga juu au karibu na bomba la majitaka la umma. Mimi kwa kazi ya bafu na jiko namwambia mtu atoe michoro kamili, injinia apige hesabu ya bimu, mkaguzi apitishe, ndo tuanze.

#8 MpimaNishati
Habari wakuu. Kazi yangu ni hiyo ya vyeti vya nishati, kwaiyo hapo kwa dalali niachieni mimi.

Cheti hakifi. Kinadumu miaka 10 tangu kilipotolewa, na kinadaiwa nyumba inapouzwa au kupangishwa. Kuongeza jiko peke yake hakukulazimishi kutoa kingine. D ni pointi 55 mpaka 68, C inaanza 69, we na 61 yako uko katikati. Kwa anayepangisha, chini ya E haruhusiwi isipokuwa awe na msamaha uliosajiliwa, ila huyu haimhusu, anakaa mwenyewe.

Sasa dalali ana chembe ya kweli na watu wengi inawaumiza. Siku ukija kuuza, mpimaji atakayekuja ataiingiza hiyo sehemu mpya kama kipande cha peke yake, na umri wake, na kuta zake. Asipoona ushahidi wa insulesheni haruhusiwi kukuamini kwa mdomo, anachukua makadirio ya umri wa jengo. Nimeingia nyumba mtu ananiapia ukuta una sentimita 10 za insulesheni, paa bapa limefungwa juu na chini, hana picha, hana cheti cha kukamilika, hana risiti. Niliandika "haijulikani" roho inaniuma.

Kwaiyo dada, piga picha kila hatua, na tepu ionekane kwenye picha. Insulesheni ya sakafu kabla ya jamvi (zege la sakafu), ya ukuta kabla ya plasta, ya paa kabla ya bodi. Kwa England kipande kipya kinatakiwa ukuta 0.18, paa 0.15, sakafu 0.18, dirisha 1.4. Hizo namba ni wati zinazovuja kwenye mita moja ya mraba kwa kila digrii moja ya tofauti kati ya ndani na nje, ndogo ndo nzuri. Ukuta wako wa 1936, tofali mbili na uwazi katikati usiojazwa kitu, unaweza kuwa 1.5 hivi. Yaani jiko jipya likijengwa sawa litakuwa ndo sehemu yenye joto kuliko nyumba nzima.

#9 Kent_Kariakoo
Mpima hapo mwisho sikubaliani, samahani. Mimi nimejenga 2019, nina kibali, nina cheti cha kukamilika, kila kitu, na jiko langu jipya ndo baridi kuliko nyumba nzima. Mke wangu anapika na koti. Mlango wa vioo mita 4 unaoelekea bustanini, asubuhi unatoka jasho mpaka linachuruzika kwenye sakafu, na kona ya juu pale bimu ya chuma inapokalia ukuta kuna kuvu jeusi kama masizi ya jungu, nalifuta na dawa kila mwezi linarudi. Tulipotoa cheti kipya mwaka jana tulitoka 64 tukaenda 60. Nani aniambie tatizo ni nini.

#10 Mzee_wa_Chokaa
Bimu hiyo. Chuma kinanyonya joto kinalipeleka nje. Ilitakiwa ifunikwe insulesheni pande zote, lakini mafundi wanaweka bodi ya kuzuia moto tu kwa ajili ya mkaguzi wanapiga plasta wanaondoka. Shika pale kwa mkono asubuhi ya baridi utaniambia.

#11 MpimaNishati
Mimi nasema ni hewa. Jiko linatakiwa feni ya kutoa lita 30 kwa sekunde kama iko juu ya jiko la kupikia, au 60 kama iko pengine. Nauliza tu bila kuudhi: nguo mnaanika wapi?

#12 Kent_Kariakoo
Tunaanika hapohapo jikoni, tuna watoto watatu. Lakini tulianika jiko la zamani miaka 8 halikuwa na kuvu.

#13 MpimaNishati
Jiko la zamani lilikuwa linavuja hewa kila upande, unyevu ulikuwa unajitokea wenyewe. La sasa limezibwa.

#14 Mama_Ntilie_Luton
Na mimi niseme langu, radieta, yale machuma ya ukutani ya kupasha chumba joto. Kwangu fundi alinitoa radieta mbili za jiko na chumba cha nyuma, akaweka moja ndefu ukutani mbali kabisa na mlango wa vioo, na boila inayochemsha maji yake ni ileile ya zamani. Chumba kimekuwa mara mbili, moto ni uleule. Niliweka mabomba ya maji moto sakafuni baadaye, ndo nikapumua.

#15 Mchoraji254
Mita 4 za kioo kwa jiko la ukubwa gani, Kent? Kanuni inataka vioo visizidi robo ya eneo la sakafu ya sehemu mpya, ukijumlisha na ukubwa wa milango na madirisha ya zamani uliyoyafunika. Ukizidi unaruhusiwa kufidia kwingine kwa hesabu. Pengine karatasi ilifidia na ukutani hakikufidiwa. Pia ule ukingo wa jamvi linapokutana na ukuta, wengi wanasahau kusimamisha kipande cha insulesheni pale, baridi inaingia chini ya kizingiti.

#16 Kent_Kariakoo
Sakafu mita 18 za mraba. Nilileta mtu wa kamera ya joto Januari. Kona ya bimu ilitoka bluu, yaani baridi, Mzee uko sawa. Chini ya mlango pia bluu, Mchoraji naye yuko sawa. Na feni tukaipima, iko nzuri. Sasa nianzie wapi kubomoa, mana sina hela ya kote.

#17 Mama_Ntilie_Luton
Anzia na boila, utaniombea dua.

#18 Mzee_wa_Chokaa
Usianzie na boila. Unachemsha maji kwenye sufuria iliyotoboka.

#19 Mwana_wa_Mtoni
Jamani turudi kwa dada, mimi nina kisa changu. Tulinunua nyumba ina chumba darini, kizuri, ngazi nzuri, dirisha la paa. Mwaka juzi tunauza, mwanasheria wa mnunuzi anauliza cheti cha kukamilika kiko wapi. Hakuna. Aliyejenga kabla yetu hakumwita mkaguzi. Mnunuzi akashusha bei, tukagoma, akaondoka. Miezi mitano nyumba iko sokoni. Kuna njia mbili tuliambiwa: urasimishaji, unaomba kaunsili ije ikague kazi iliyokwishafanyika, inafaa kwa kazi za kuanzia tarehe 11 Novemba 1985, ila wanaweza kukwambia fungua plasta waone bimu. Au bima ya kufidia hasara endapo kaunsili itakuandama. Mimi kwa pupa nikawapigia kaunsili simu kuuliza kwanza. Kampuni za bima zikanikataa zote, kwasababu ukishaigusa kaunsili hawakukatii tena. Tulifungua plasta.

#20 Mchoraji254
Pole sana ndugu. Hilo la simu watu hawalijui mpaka liwafike.

Na hapa ndipo nirudi kwa ile miaka 4 ya Mzee. Ilikuwa kweli zamani. Kuanzia tarehe 25 Aprili 2024, England ni miaka 10 kwa kazi zote za mipango. Miaka 4 imebaki tu kwa jengo ambalo lilikuwa limekwisha kimsingi kabla ya tarehe hiyo. Na upande wa kanuni za ujenzi, kaunsili ilikuwa na mwaka mmoja kukuamuru ubomoe au urekebishe, tangu Oktoba 2023 nayo ni miaka 10. Hiyo imetoka kwenye sheria ya usalama wa majengo ya 2022, iliyokuja baada ya moto wa Grenfell Tower tarehe 14 Juni 2017, watu 72 walikufa. Hata wakaguzi sasa lazima wasajiliwe mmojammoja. Kwa hivyo ule wakati wa kujenga kimya ukangoja umepita.

#21 Mzee_wa_Chokaa
Nimekubali, nimesahihishwa, shukran. Nilikuwa bado na hesabu ya zamani.

Lakini ile bima ya #19 niseme: hata ungeipata, bima inalipa hasara ya karatasi. Haishikilii paa. Mimi nimefungua dari nikakuta mtu kakata kenchi mbili kuweka ngazi na mzigo umekalia kipande cha ubao wa mlango, na watoto wanalala juu.

#22 Kigamboni_Feri
Huku Novemba 2024 jengo lilituangukia Kariakoo, tangu siku ile mtu akisema "huu ukuta tuutoe tu" mimi natoka nje kwanza. Na sisi tuna vibali, halmashauri inatoa, unapeleka ramani na hati ya kiwanja, ila wangapi wanachukua? Mtu anaunga banda, anaunga chumba cha mpangaji, anaunga fremu ya duka mbele, siku moja anaamka ukutani kumeandikwa BOMOA kwa rangi nyekundu ndo anaulizia hifadhi ya barabara ni mita ngapi.

Swali langu: huko mnahangaika joto lisitoke, sisi tunahangaika lisiingie. Mbona hakuna anayetupimia? Nyumba ya bati na dari ya jipsam saa 8 mchana ni tanuri.

#23 Binti_Pangani
Kigamboni umenikumbusha nyumba ya babu yangu pale Pangani. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, unene kama mkono wangu mzima, madirisha marefu, baraza mbele. Mchana wa Februari unaingia ndani unahisi kama umefunikwa shuka mbichi. Hakuna feni. Waliokuja kurithi wamebomoa nusu wakajenga tofali za saruji na bati, sasa wameweka kiyoyozi na luku inawatoa machozi.

#24 Mzee_wa_Chokaa
Na chokaa inapumua, mwanangu. Saruji ukiipaka juu ya ukuta wa chokaa unaufungia maji ndani. Hata huku nyumba za zamani za mawe ni vilevile, mtu anafunga insulesheni ya plastiki juu ya ukuta wa mwaka 1850 miaka miwili plasta yote iko chini. Ningeweza kusema mpaka asubuhi ila tutaharibu uzi wa mtu.

#25 Dublin_Mombasani
Kwa faida ya walio Ireland, nyuma ya nyumba ni mita 40 za mraba bila kibali, ukihesabu na zilizoongezwa kabla, na lazima ubakishe mita 25 za mraba za uwazi nyuma. Na cheti chetu cha nishati hakina herufi tupu, kinakwenda A1, A2, A3 mpaka G. Haya endeleeni.

#26 Mama_Ntilie_Luton
Dada, na huyo jirani? Mana naona wote mnaongelea mita, hakuna anayemuongelea bibi wa watu. Ukuta mmoja mnashea, kuna sheria ya ukuta wa pamoja ya 1996. Ukichimba ndani ya mita 3 kutoka nyumba yake na ukaenda chini kuliko msingi wake, unampa taarifa kwa maandishi mwezi mmoja kabla. Ukigusa ukuta wenyewe miezi miwili. Akikaa siku 14 bila kujibu inahesabika kama mna mgogoro, mnatafuta masarveya, na gharama kwa kawaida ni zako. Chukua sambusa uende ukae naye kabla hujampelekea barua.

#27 Kent_Kariakoo
Bibi anaogopa mwanga. Jiko lake liko upande gani? Ukienda nje mita 3 na yeye yuko kaskazini yako, jua hataliona mpaka Machi.

#28 Mwana_wa_Mtoni
Mi nadhani ni bei ya nyumba yake, wazee wa huku ndo wanachowaza.

#29 Mama_Ntilie_Luton
Hapana, mzee anayekaa peke yake anaogopa kelele na wanaume asiowajua kupita mlangoni kwake miezi mitatu. Mimi nawahudumia wazee, nawajua.

Na jambo jingine nisije nikasahau, kwa bafu la mama: kaunsili za England zina ruzuku ya kurekebishia nyumba mtu mwenye ulemavu, mpaka pauni 30,000, wanaangalia kipato chake. Magoti yakithibitishwa na mtaalamu aombe kabla ya kuanza kazi, ukishaanza umejiharibia. Na kodi ya ongezeko la thamani, ekstensheni ni asilimia 20, ila bafu la mtu mwenye ulemavu linaweza kutozwa sifuri. Uzee peke yake hautoshi, lazima kuwe na ulemavu au ugonjwa wa kudumu.

#30 Binti_Pangani
Wakuu nimerudi, siku tatu sikuwepo, nina habari.

Jumamosi nilienda kwa jirani na sambusa. Tulikaa saa mbili nzima. Mwanga hakuutaja, bei hakuitaja. Aliinuka akaniletea picha, bustani yake imejaa maji machafu, watoto wake wadogo wamesimama kwenye ngazi. 1971. Mwenye nyumba yetu wa wakati ule aliongeza jiko, mafundi wakavunja bomba wakafukia, majitaka yakarudi upande wake wiki mbili. Mume wake ndo alichimba mwenyewe kulitafuta. Alikufa 2009.

Kwaiyo Mchoraji jibu lako ndo hilo, jiko letu si la asili. Nikatoka nje na tochi nikaangalia ukuta wa pembeni, kuna mstari unashuka wima kutoka kwenye paa mpaka chini, tofali za huku nyekundu za kukwaruza, za kule laini zina rangi ya kahawia, na kozi hazikutani, zimepishana nusu tofali. Miaka minne napita pale na pipa la taka sijawahi kuuona. Nimepima, kutoka kwenye huo mstari mpaka mwisho wa jiko ni mita 1.90.

#31 Mchoraji254
Hapo sasa. 1.90 na 3 ni 4.90. Umepita mita 3 kwa mbali, fundi wako angekujengea kitu kisicho halali na ungelala nacho miaka 10.

Haijakwama lakini. Kuna njia ya ekstensheni kubwa, mpaka mita 6 kwa nyumba ya pacha, 8 kwa inayosimama peke yake. Unaipelekea kaunsili taarifa ya awali, wao wanawaandikia majirani mnaopakana nao, wana siku 21 za kupinga. Hakuna aliyepinga, unaendelea. Mmoja akipinga, kaunsili inapima athari kwake kisha inaamua. Yote ndani ya siku 42, na huanzi mpaka ujibiwe au siku hizo ziishe. Au ombi kamili la kibali, wiki 8. Kabla hujaanza kujenga omba na cheti cha uhalali, cha kuthibitisha kazi haihitaji ombi kamili, ada yake ni nusu ya ombi la kawaida, siku ya kuuza utashukuru.

#32 Mzee_wa_Chokaa
Na hilo jiko la 1971 livunje lote. Msingi wa wakati ule huenda ni sentimita 45, udongo wenu wa mfinyanzi unapanda na kushuka. Mkaguzi atataka mita moja, na kama kuna mti karibu hata mbili. Huwezi kuunga kipya kwenye kilichokwishachoka, utapata ufa hapohapo kwenye kiungo.

#33 Mchoraji254
Mzee taratibu. Chimba shimo la majaribio kwanza pembeni, injinia auone msingi. Nimeona ya miaka ya 70 yakibaki vizuri tu.

#34 MpimaNishati
Hata kama msingi ni mzima, sakafu yake haina insulesheni hata chembe, na chumba cha mama ndo kitakaa juu yake. Mtu wa magoti kukanyaga zege baridi? Mi niko na Mzee.

#35 Kent_Kariakoo
Mnamvunjia mtu nyumba kwa hela za nani? Unaweza kuweka insulesheni juu ya jamvi lililopo, sakafu inapanda sentimita 10 hivi.

#36 MpimaNishati
Sentimita 10 ni kidato cha ngazi. Mama wa magoti.

#37 Binti_Pangani
Haya ngoja kwanza, hilo la kuvunja nitakaa na mume wangu na injinia. Fundi wa Jumatatu nimemwambia asije. Kakasirika, kasema nimempotezea muda.

Ila kuna kitu jirani kasema, lile bomba la 1971 linatoka kwake linapita kwetu. Leo tumefunua chemba pamoja, yeye kashika tochi. Mfuniko wa chuma, kina sentimita 95, bomba la udongo. Alienda kuvuta choo chake, maji yakatokea kwetu.

#38 Mzee_wa_Chokaa
Basi hilo linabeba nyumba mbili, na tangu Oktoba 2011 mabomba ya kushirikiana kama hayo ni mali ya kampuni ya maji. Taarifa fupi haifai tena, ni michoro kamili na ridhaa yao kwa maandishi, mana chochote ndani ya mita 3 kutoka kwenye bomba ni chao kuamua. Kutoka ukuta wa jiko mpaka katikati ya chemba ni ngapi?

#39 Binti_Pangani
Mita 2 na sentimita 40.

#40 Mzee_wa_Chokaa
Itakuwa ndani ya jiko lako jipya. Nitumie picha ya ndani ya chemba, mdomo wa kila bomba uonekane, na uandike lipi linatoka wapi. Mwombe bibi akusaidie, yeye analijua kuliko sisi wote.